Swali la msingi, shilingi ya Waziri au Kamati ya Hesabu: njia ipi inaleta jibu?

Anayetaka kujua fedha za dawa zimekwenda wapi, barabara imekwama kwa nini au mkandarasi amelipwa kwa kazi ipi, ana njia zisizopungua tano za kuihoji Serikali. Zote huitwa kuhoji, ila hazifanani hata kidogo. Katika njia moja anayejibu ni Naibu Waziri anayesoma karatasi iliyoandaliwa wizarani. Katika nyingine ni Afisa Masuuli, yule anayewajibika kwa kila malipo ya fungu lake. Jibu hutegemea zaidi nani anajibu kuliko ukali wa anayeuliza. Swali zuri likipelekwa pasipo pake hurudi na ahadi, na swali hilohilo likipelekwa panapohusika hurudi na tarakimu na jina la mhusika.

Ulinganisho huu unafuata Bunge la Tanzania kwanza, kisha unaonyesha mahali ambapo Kenya imeshika njia tofauti. Mabunge mengine tumeyataja pale tu yanapofundisha jambo. Wanaolengwa ni wabunge wapya, madiwani, makatibu wao, na wananchi wanaowapelekea wawakilishi maswali.

| Njia | Anayejibu | Lini | Inafaa kwa | Inapofeli |
|---|---|---|---|---|
| Swali la msingi na nyongeza | Waziri au Naibu Waziri | Siku lilipopangwa | Ahadi iliyo kwenye kumbukumbu rasmi | Jibu la jumla, muda mfupi |
| Swali la kujibiwa kwa maandishi | Wizara | Hubadilika | Orodha, majedwali, takwimu nyingi | Hakuna nyongeza |
| Maswali kwa Waziri Mkuu | Waziri Mkuu | Alhamisi, papo kwa papo | Msimamo wa kisera | Mambo ya kata au mradi mmoja |
| Kamati ya Matumizi (shilingi) | Waziri | Mkutano wa bajeti | Fedha ambayo bado haijapitishwa | Muda kuisha, nidhamu ya chama |
| Kamati za hesabu | Afisa Masuuli | Baada ya ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu) | Fedha iliyokwisha kutumika | Kuchelewa |
| Ombi la taarifa | Ofisi yenye kumbukumbu | Siku 30 Tanzania, 21 Kenya | Nyaraka zenyewe | Hakuna wa kumbana ana kwa ana |

Jedwali linarahisisha mno. Yaliyo chini ndiyo yanayoamua.

Swali la msingi

Hili ni swali linalojibiwa kwa mdomo ukumbini. Msingi wake uko kwenye Katiba ya Tanzania, Ibara ya 63(3)(a): Bunge linaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kwa vitendo, swali hufika kwa Katibu wa Bunge mapema, huhakikiwa, kisha hupelekwa wizarani. Huko hushuka hadi idara inayohusika, mara nyingine hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri au meneja wa wakala mkoani, halafu rasimu ya jibu hupanda ngazi kwa ngazi hadi juu. Maana yake ni kwamba kinachosomwa ukumbini kimeandikwa na walewale wanaoulizwa. Ndivyo mfumo ulivyo, na una faida yake: jibu linaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge neno kwa neno, na mwakani unaweza kulinukuu likiwa na tarehe.

Tatizo kubwa liko kwenye uandishi wa swali. “Je, Serikali ina mpango gani wa kumaliza tatizo la maji?” Kila anayefuatilia Bunge anaweza kulitabiri jibu: Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Jibu hilo huwezi kuliita uongo, na huwezi kulishika popote. Muulizaji aliomba mpango, akapewa mpango. “Ni lini” ina nafuu kidogo, lakini nayo ina jibu lake la akiba: baada ya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina kukamilika.

Swali linaloshika lina vitu vinne: kipindi, mahali, kipimo, na hatua ya fedha. Hili la nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Fedha ya umma hupita hatua tatu ambazo hazina uhusiano wa lazima: iliyoidhinishwa kwenye bajeti, iliyotolewa na Hazina, na iliyotumika. Majibu mengi husema “Serikali ilitenga”, yaani hatua ya kwanza peke yake. Halmashauri inaweza kuwa na kiasi kizuri kilichotengwa na hadi Machi haijapokea hata robo. Ukiuliza “zimetengwa kiasi gani” umemrahisishia kazi anayejibu.

Linganisha maswali haya mawili. La kwanza: “Je, Serikali ina mpango gani wa kupeleka dawa za kutosha katika zahanati za jimbo langu?” La pili: “Je, kati ya tarehe 1 Julai na 31 Desemba, zahanati za halmashauri yangu zilipokea fedha kiasi gani za dawa ukilinganisha na kilichoidhinishwa, na ni maombi mangapi yaliyopelekwa Bohari ya Dawa yalijazwa pungufu?” La pili haliwezi kujibiwa kwa aya ya salamu. Likijibiwa kwa salamu, kila anayesikiliza anaona kuwa halikujibiwa, na hapo nyongeza yako, yaani swali la kufuatilia jibu, imejiandika yenyewe.

Usilijaze vipengele. Swali lenye (a) hadi (d) humpa anayejibu nafasi ya kulijibu (a) kwa dakika mbili na kuyapitia mengine kwa sentensi moja.

Kosa lingine ni anwani. Barabara ya kijijini iko chini ya TARURA, na TARURA iko TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, iliyo chini ya wizara ya ujenzi. Maji vijijini ni RUWASA, chini ya Wizara ya Maji. Zahanati inagawanyika: jengo na watumishi wake ni suala la TAMISEMI, wakati Bohari ya Dawa iko chini ya Wizara ya Afya. Swali la barabara ya TARURA likielekezwa kwa Waziri wa Ujenzi, bora utakachopata ni kuhamishiwa kwingine, na hapo umepoteza nafasi ya mkutano mzima. Kabla ya kuandika, uliza ni nani amesaini mkataba wa kazi. Huyo ndiye mwenye jambo, na wizara yake ndiyo anwani.

Nyongeza mbili

Mwenye swali ana maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo penye thamani halisi ya swali la mdomo. Nyongeza haiandaliwi wizarani. Kwa hiyo andaa matawi mawili kabla ya siku yenyewe: moja la kutumia jibu likiwa na tarakimu (“hizo zilizotolewa zilipokelewa tarehe gani, na kwa akaunti ya nani?”), na moja la kutumia likiwa na ahadi (“fedha hizo ziko kwenye fungu lipi la bajeti ya mwaka huu?”). Swali la fungu lina nguvu kuliko linavyoonekana. Ahadi isiyo na fungu wala kasma (mstari wa matumizi ndani ya fungu) haina fedha, na Waziri anajua hivyo.

Tabia mbili huua nyongeza. Ya kwanza ni kuanza na “namshukuru Naibu Waziri kwa majibu mazuri” kisha kulalamika kwamba hayatoshi. Taarifa Rasmi itabaki na shukrani. Ya pili ni kutumia nyongeza kuombea barabara nyingine kabisa. Kanuni inataka nyongeza itokane na jibu la msingi, na Spika akikukatiza umeikosa. Hata asipokukatiza, jibu la jambo ambalo wizara haikulitegemea litakuwa “nalichukua, tutalifanyia kazi”.

Maandishi: njia isiyopendwa, yenye takwimu nyingi

Swali la kujibiwa kwa maandishi halionekani kwenye televisheni, ndiyo maana wengi hulikwepa. Ukitaka orodha ya shule zisizo na vyoo kata kwa kata, au malipo ya mkandarasi cheti kwa cheti, ukumbini si mahali pake. Hakuna Naibu Waziri atakayesoma jedwali la mistari 80, na akisoma hakuna atakayelishika.

Mabunge mengine yameipa njia hii uzito mkubwa. Katika Bundestag ya Ujerumani kila mbunge ana haki ya maswali manne ya maandishi kwa mwezi, na kila moja hujibiwa ndani ya wiki moja. Canada inatoa siku 45. India hutofautisha kwa nyota: katika Lok Sabha, bunge la chini, maswali yenye nyota, yanayojibiwa kwa mdomo, hayazidi 20 kwa siku, na yasiyo na nyota hufika 230 na hujibiwa kwa maandishi bila nyongeza. Uwiano huo peke yake unaonyesha kazi ya takwimu hufanyikia wapi.

Uingereza ina funzo jingine. Wizara inaweza kukataa kujibu swali la maandishi kama gharama ya kukusanya jibu itazidi pauni 850. Hata pasipo na ukomo wa namna hiyo, kisingizio ni kilekile: takwimu hazijakusanywa kwa mpangilio huo. Dawa yake ni kuuliza kwa mpangilio ambao ofisi tayari inautumia. Halmashauri huandaa taarifa ya mapato na matumizi kwa mwezi na kwa robo mwaka. Uliza kwa robo. Bajeti imepangwa kwa mafungu na kasma, taja kasma. Ukiomba takwimu kwa kijiji wakati wao wanakusanya kwa kata, umewapa sababu.

Alhamisi kwa Waziri Mkuu

Nusu saa, bila taarifa ya awali. Inafaa kwa jambo moja: kupata msimamo wa Serikali nzima pale wizara mbili zinaposukumiana. Maswali yanatakiwa yawe ya kisera, hivyo daraja la kijiji chako halina nafasi, na takwimu haziwezi kuwepo kwa sababu anayejibu hana faili. Ukitaka namba, usiitumie.

Kushika shilingi

Aprili hadi Juni, bajeti ya kila wizara inapopitishwa, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na mafungu husomwa moja baada ya jingine. Mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Shilingi yenyewe haina maana. Kinachopatikana ni mjadala. Wenzake wanachangia, Waziri analazimika kusimama tena, na pasipopatikana mwafaka jambo hupigiwa kura.

Ukiiweka kando ya swali la msingi, tofauti ni ya wakati. Swali linauliza kuhusu fedha ambayo tayari imepangwa au imetumika. Shilingi inashikwa kabla fedha haijatoka, na Waziri anahitaji fungu lake lipite siku ileile. Ndiyo maana ahadi zinazotolewa hapo huwa mahususi zaidi: kamati ya wataalamu itakwenda, taarifa italetwa, barabara itaingizwa kwenye mpango.

Ila usiipe uzito isiokuwa nao. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, kwa hiyo hakuna mbunge anayeshika shilingi akitarajia bajeti ianguke. Mara nyingi mwisho wake ni “naiachia shilingi” baada ya Waziri kuongeza sentensi mbili. Kama sentensi hizo hazina tarehe wala kasma, umeachia bure. Pia muda wa kupitisha mafungu una ukomo, na ukifika yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja. Mwenye hoja nzito kwenye fungu la mwisho kabisa anaweza asiifikie kamwe, hivyo ipeleke kwenye kasma ya mshahara wa Waziri, ambayo huja mapema na inaruhusu maswali ya kisera.

Mahali pazuri zaidi pa kurekebisha tarakimu za bajeti ni kamati ya kisekta, ile ya Bunge inayofuatilia wizara husika, wiki kadhaa kabla. Huko kuna watendaji, makaratasi na muda. Ukumbini unarekebisha maneno.

Kamati za hesabu: anayejibu ana saini

Kwa fedha iliyokwisha kutumika, hakuna njia inayozikaribia. Tanzania ina tatu: PAC kwa hesabu za Serikali Kuu, LAAC kwa serikali za mitaa, na PIC kwa uwekezaji wa mitaji ya umma, yaani mashirika. Chimbuko la aina hii ya kamati ni Uingereza mwaka 1861, Gladstone akiwa Waziri wa Fedha, na desturi ya kuwapa wapinzani uenyekiti imesafiri nayo.

Anayeketi mbele ya kamati ni Afisa Masuuli: Katibu Mkuu wa wizara, mkurugenzi wa halmashauri au mtendaji mkuu wa taasisi. Hawezi kusema “nitamuuliza mhusika”, kwa sababu mhusika ni yeye. Pembeni yake kuna mhasibu mkuu, mkuu wa ununuzi na mkaguzi wa ndani. Upande wa pili kamati ina wataalamu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ambao wameshazishika hati hizo mikononi. Swali la msingi linakukutanisha na jibu. Kamati inakukutanisha na hati ya malipo, mkataba, cheti cha kazi iliyokamilika, hati ya kupokelea bidhaa na taarifa ya benki.

Hoja zinazojirudia zinafahamika: malipo yasiyo na viambatisho, masurufu (fedha za kazi alizokabidhiwa mtumishi) ambayo hayakurejeshwa, bidhaa zilizolipiwa bila kupokelewa, mkandarasi kulipwa zaidi ya kazi iliyofanyika, makusanyo ya mashine ambayo hayakufika benki, na fedha mbichi kutumiwa kabla ya kupelekwa benki. Kila moja ina hati yake ya kuthibitisha. Mjumbe anayejua hati ipi inakosekana hana haja ya kupaza sauti. Kwa bidhaa zisizopokelewa, omba hati ya kupokelea na leja ya stoo ya siku hiyo. Zikija zimeandikwa kwa mwandiko mmoja na wino mmoja kwa miezi sita, kuna la kuuliza.

Jibu la kuliogopa humo ni “hoja imepokelewa na inafanyiwa kazi”. Liulize hivi: hatua gani, ya nani, itathibitishwa kwa hati gani, na kabla ya tarehe ipi. Bila hayo, hoja itaonekana tena kwenye ripoti ya mwaka ujao ikiwa na maelezo yaleyale.

Udhaifu wake ni muda. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, CAG anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na kwa Ibara ya 143 ripoti huwasilishwa bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao cha kwanza kinachofuata. Malipo yaliyofanyika Julai, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, yanaonekana kwenye ripoti baada ya miezi 20 hivi, na mjadala wa kamati huja baadaye zaidi. Mkurugenzi aliyesaini anaweza kuwa amehamishwa wilaya mbili tangu hapo. Aliyepo atasema alikuta mambo hayo. Kisheria ofisi ndiyo inayojibu, ila kamati inaweza kumwita na yule aliyehamishwa, na inafaa kufanya hivyo.

Jambo jingine linalopotosha ni hati ya ukaguzi. Hati inayoridhisha inasema hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa ipasavyo. Haisemi dawa zilifika wala kwamba bei ilikuwa nzuri. Halmashauri huitangaza kama cheti cha usafi, na madiwani hupiga makofi. Kwa swali la thamani ya fedha soma ripoti za CAG za ukaguzi wa ufanisi, ambazo hutolewa mbali na zile za hesabu.

Panapohitajika haraka au kina zaidi, upo ukaguzi maalumu. Sakata la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, iliyohusu malipo ya umeme, lilifuata njia hiyo: CAG alikagua, PAC chini ya Zitto Kabwe ikaleta taarifa bungeni Novemba 2014, na mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, akajiuzulu. Kamati teule ni hatua ya juu zaidi, ya jambo moja tu. Ile ya Richmond, kuhusu mkataba wa umeme wa dharura, chini ya Harrison Mwakyembe iliundwa Novemba 2007, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Lakini kamati teule inahitaji Bunge zima likubali kuiunda, jambo ambalo mbunge mmoja hawezi kulipanga.

Kenya: nani aulizwe, na wapi

Katiba ya Kenya ya 2010 ilibadilisha sura ya jambo hili. Mawaziri si wabunge. Kwa miaka mingi maswali yalijibiwa kwenye kamati, kwa Ibara ya 153(3) inayomlazimu Waziri kufika mbele ya kamati anapotakiwa. Mwaka 2023 ndipo mawaziri walipoanza kufika ukumbini kujibu. Ukilinganisha na Dodoma, kamati za Nairobi ndizo zenye meno: Ibara ya 125 inazipa mamlaka ya Mahakama Kuu ya kuita shahidi, kumhoji akiwa chini ya kiapo na kumlazimisha kuleta nyaraka.

Swali la anwani ni gumu zaidi kuliko Tanzania kwa sababu ya ugatuzi. Zahanati na hospitali za kaunti ni kazi ya kaunti. Ukimuuliza Waziri wa Afya katika Bunge la Taifa kuhusu zahanati ya wadi, atakujibu kwa usahihi kabisa kwamba hilo si lake. Lipeleke kwa mwakilishi wadi wako kwenye bunge la kaunti, ambalo nalo lina mamlaka ya kuita mashahidi kwa Ibara ya 195. Hospitali za rufaa za kitaifa na KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa, ni za Serikali ya Kitaifa. Fedha zilizogawiwa kaunti ziko pia chini ya jicho la Seneti, na kamati yake ya hesabu za kaunti huwahoji magavana wenyewe.

Kenya ina faida mbili za wakati. Mkaguzi Mkuu ana miezi sita tu baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge lina miezi mitatu ya kujadili ripoti na kuchukua hatua (Ibara ya 229). Zaidi ya hapo, Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa kwa Bunge kila miezi minne kuhusu utekelezaji wa bajeti. Taarifa hiyo ndiyo ya kusoma kabla ya kuandika swali lolote la fedha iliyotolewa, kwa kuwa inaonyesha kilichotoka mwaka ukiwa bado haujaisha.

Madiwani

Baraza la madiwani la Tanzania hukutana kila robo mwaka, na madiwani wengi hungoja siku hiyo ili wamhoji mkurugenzi mbele ya wananchi. Wanachelewa. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi, na taarifa ya mapato na matumizi hupita huko kwanza. Ikifika barazani imeshapata baraka za kamati na wajumbe wake wataitetea. Diwani asiye mjumbe amtumie aliye mjumbe, ampe swali lililoandikwa pamoja na ukurasa wa taarifa unaohusika. Swali la diwani lina ubora mmoja ambao la mbunge halina: aliyesaini malipo yuko chumba kimoja naye, na eneo la mradi linaweza kukaguliwa siku hiyohiyo.

Ombi la taarifa

Sheria za mwaka 2016 za nchi zote mbili zinampa raia haki ya kuomba kumbukumbu. Tanzania ofisi ina siku 30. Kenya 21, au saa 48 kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Peke yake ombi halimbani mtu, lakini likitangulizwa linabadilisha njia nyingine zote. Mbunge mwenye nakala ya mkataba mkononi hahitaji kuuliza mkataba unasemaje. Anauliza kwa nini kipengele fulani hakikutekelezwa. Omba hati kwa jina lake na tarehe yake. “Taarifa zote kuhusu mradi wa maji” ni ombi linalokaribisha kukataliwa.

Uchague ipi

Dawa hazipo zahanati, na mwaka wa fedha bado unaendelea: anza na swali la maandishi kwa TAMISEMI lenye mgawanyo wa robo mwaka, na ombi la taarifa kwa halmashauri kwa wakati mmoja. Majibu mawili yasipolingana, ndipo uombe swali la msingi. Ukianza na la msingi utapata tarakimu moja tu, bila ya kuilinganisha nayo.

Barabara imelipwa na haijakamilika: kama mwaka wa fedha umeisha, nenda kamati ya hesabu, na ikiwa ripoti ya CAG haikuugusa mradi huo, mwandikie mwenyekiti ukiomba ukaguzi maalumu, uambatanishe picha zenye tarehe na nakala ya cheti cha malipo. Mwaka ukiwa unaendelea, kamati ya kisekta inaweza kwenda kukagua. Angalia kwanza kama mkataba umefikishwa mahakamani. Jambo lililo mbele ya mahakama halijadiliwi bungeni, na Serikali hulitumia hilo haraka.

Mradi haumo kabisa kwenye bajeti: maswali hayatakusaidia kabla ya Aprili. Peleka hoja kwenye kamati ya kisekta, na ikikwama, shilingi. Waziri akiahidi, andika saa na maneno yake, chukua Taarifa Rasmi ya siku hiyo ikitoka, kisha utumie nukuu hiyohiyo kama utangulizi wa swali la msingi la mkutano wa Septemba au Novemba. India ina kamati maalumu ya kufuatilia ahadi za mawaziri tangu 1953, na ahadi inatakiwa itekelezwe ndani ya miezi mitatu. Kwetu kazi hiyo inabaki kwenye daftari la katibu wa mbunge, lenye safu nne: ahadi, tarehe, kasma, na swali litakalofuata.